Siku Puti Mbichi Ilipopanda Pikapu

Ukimpelekea Apolinari gari lililogongwa ubavuni, usihangaike kumweleza ajali ilivyotokea, maana hatakusikiliza. Atalizunguka, atainama, atagonga bati kwa kifundo cha kidole mara mbili tatu, kisha yeye ndiye atakueleza: lilipogongwa, lilipopinda bila wewe kujua, na kama fundi aliyelinyoosha kabla yake alikuwa mwongo. Miaka ishirini na mitano ameifanya kazi hiyo Chang'ombe, kwenye gereji isiyo na ukuta nyuma ya viwanda. Na kwa miaka ishirini ya hiyo amekuwa na kazi nyingine, ambayo ndugu zake waliotoka naye Muleba hawakupenda kuitaja mbele ya wageni. Apolinari ni mpiga drams wa bendi ya panki.

Panki ya kichwani, ile ya kunyoa pembeni na kuacha nywele katikati, kila kinyozi wa Temeke anaijua. Panki ya muziki ni habari nyingine. Ni roki iliyokasirika, inayopigwa mbio, kwa magita yanayonguruma na mwimbaji anayelalamika kwa nguvu zake zote. Iliingia gereji ile mwaka 2004 kwa njia ya ajabu. Ililetwa Land Rover ya mzungu mmoja wa mradi wa maji, milango miwili imebonyea, na ndani ya redio kulikuwa na kaseti iliyokwama. Sadallah, fundi umeme wa magari, aliichokonoa kwa bisibisi mpaka akachoka. Ikagoma kutoka lakini ikakubali kuimba, naye akaiacha iimbe. Wiki tatu nzima gereji ilisikiliza kaseti hiyo hiyo moja. Mafundi wengine walitukana mpaka wakaishiwa matusi. Apolinari yeye alianza kugonga bati kwa kuifuata, na siku ya nne akashangaa kuona mlango wa kwanza umenyooka kwa nusu ya muda aliouzoea.

Mtu wa tatu alikuwa Chausiku. Huyu alikuwa anachanganya rangi kwenye duka la kontena lililoko mkabala na gereji, na jicho lake lilikuwa halikosei: ukimletea kipande cha bati anakuchanganyia rangi ile ile, hata iwe imepauka miaka kumi. Ni mzaliwa wa Temeke, mama yake aliimba taarabu katika kikundi cha mtaani, kwa hiyo amekulia kwenye mipasho. Siku walipomuuliza anauonaje ule muziki wa kwenye Land Rover, alisikiliza wimbo mzima, mikono kiunoni.

"Huyu anampasha mtu," alisema. "Sijui nani, na lugha yenyewe siielewi, ila huyo mtu kapashwa kweli kweli."

Basi bendi ikawa imezaliwa. Sadallah alikuwa na gita alilorithi kwa mjomba wake, Chausiku akajifunza besi na kuimba, Apolinari akaanzia kwenye boneti la Corolla na makopo ya rangi, mpaka alipopata drams za kwaya moja iliyokuwa imenunua mpya. Mara ya kwanza walijaribu kufanyia mazoezi nyumbani kwa Sadallah. Kabla wimbo wa pili haujaisha, mjumbe wa mtaa alikuwa mlangoni na wazee wawili. Ndipo Apolinari akasema jambo la akili, na hakusema mengi ya akili mwaka ule: kwa nini watafute mahali pa kimya ilhali wao wanapiga kelele? Gereji mchana ina grenda, ina nyundo, ina kompresa. Nani atalalamika?

Kwa hiyo walifanya mazoezi saa za kazi, puti ikiwa inakauka. Puti ile ya kuziba mabonde ya bati ukishaipaka huwezi kuipiga msasa mpaka ikauke, na jua la Dar likiwa kali unapata dakika ishirini za kukaa bure. Wenzao walikunywa chai. Wao walipiga. Ndiyo maana mpaka leo nyimbo zao hazizidi dakika mbili, na ndiyo maana bendi inaitwa Puti Mbichi. Wachambuzi wa muziki wameandika maneno mazito kuhusu ule ufupi wa nyimbo. Mie nawaambia ni puti tu.

Mwanzo wao ulikuwa wa kuchekesha kwa mtu asiyehusika. Onyesho la kwanza, kwenye ukumbi mmoja wa Kipawa, fundi mitambo alidhani spika zimepasuka akakimbia kuzima umeme. Redio moja iliwaita, mtangazaji akasikiliza sekunde arobaini, akauliza kwa upole biti inaanza saa ngapi. Kisha, kama mwaka 2014 hivi, wanafunzi wa chuo na wageni wa Masaki wakawagundua. Wakarekodi nyimbo kumi na mbili kwa siku mbili. Wakaitwa Nairobi, wakaitwa Kampala, na mwaka 2019 wakaenda Ujerumani wiki mbili nzima, ambako kijana mmoja aliwaonyesha mkono wake: amejichora maneno ya Chausiku kwa Kiswahili, na hakukosea hata herufi. Apolinari alikaa nyuma ya jukwaa akalia, halafu akasema ni baridi.

Huku nyumbani, kaka yake mkubwa Alfonsi, karani mstaafu na mtu wa heshima zake, aliwaambia ndugu kwamba mdogo wake amepelekwa Ulaya kwenye semina ya kunyoosha bodi. Apolinari aliporudi alipongezwa na shangazi watatu kwa kupata cheti. Akasema ahsante.

Hayo yote aliyaweza. Ambacho hakukiweza ni kimoja, na kilikuwa na jina: Gladness, mwanawe wa pekee.

Mwaka 2011, Gladness akiwa na miaka kumi na mitatu, walimfanyia sherehe ya kipaimara nyumbani Kipawa. Apolinari, kwa furaha yake na kwa ubishi wake, aliwaleta Puti Mbichi uani. Walipiga wimbo mmoja na nusu. Wageni waliziba masikio, watoto waliangua kicheko, bibi mmoja alikimbia na sahani ya pilau akidhani jenereta imelipuka. Gladness aliingia chumbani na gauni lake jeupe, akajifungia. Kesho yake shuleni wakamwita mtoto wa kichaa. Aliporudi alimsimamia baba yake mbele, macho mekundu.

"Baba, naomba usinifanyie tena. Na shuleni usije."

Tangu siku hiyo Gladness hakuhudhuria onyesho hata moja, na jina la bendi halikutamkwa mezani. Alisoma, akapata kazi ya uhasibu, akawa binti mwema anayemheshimu baba yake na kumletea dawa za presha. Lakini Apolinari alijua palipobonyea. Ulaya ilikuwa imempigia makofi, na yeye alichotaka ni mwanawe tu asimwonee haya. Angebadilisha safari zote zile na hilo moja.

Ndipo mwaka jana Gladness akapata mchumba, Brightson, kijana mpole wa familia inayokaa Bunju. Pande mbili zikaunda kamati moja ya harusi, Alfonsi akawa mwenyekiti, na kwenye kikao cha sita, walipofika mengineyo, mwenyekiti akavua miwani.

"Apoli, mdogo wangu. Naomba utuhakikishie hapa mbele ya wajumbe. Ile bendi yako isitie mguu siku hiyo."

Apolinari alimwangalia Gladness. Gladness alikuwa anaangalia simu.

"Haitatia," alisema. Akaapa, na akaandikwa kwenye muhtasari. Sadallah na Chausiku wakapewa kadi kama wageni wengine, wakae viti vya nyuma wale pilau.

Siku ya harusi ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi parokiani, hapo hapo Chang'ombe, kuna ndoa zaidi ya moja. Siku hiyo zilikuwa tatu. Ya saa sita ilichelewa kwa sababu pete ilisahaulika nyumbani, kwa hiyo ya saa nane, yaani ya kina Gladness, ilianza wakati wenzao bado wanapiga picha ngazini. Nje kulikuwa na misafara miwili ya magari meupe yenye maua. Na jambo ambalo kamati haikulifikiria ni kwamba rangi ya mwaka huo ilikuwa bluu ya kung'aa, na kila kamati ya Dar es Salaam iliona imeivumbua peke yake. Sare za huku bluu, sare za kule bluu.

Matarumbeta yaliyokodiwa na Alfonsi yalifika kwa wakati, vijana wanane juu ya pikapu, ngoma na mabomba yanameta. Walipoona bibi harusi anaingia garini na kundi la watu wenye bluu linapiga vigelegele, walifanya kazi yao kama walivyofundishwa. Wakapuliza. Wakatangulia mbele. Wakaondoka na bibi harusi wa watu.

Saa kumi kasoro robo Gladness na Brightson walitoka kanisani, mchele ukarushwa, vigelegele vikapigwa, wakaingia garini. Kisha hapakuwa na kitu. Alfonsi akapiga simu mara saba. Mtu anayepuliza tarumbeta hawezi kupokea simu. Mara ya nane ikapokelewa.

"Mko wapi nyie?" Alfonsi alifoka.

"Tuko Mbagala, mwenyekiti! Mbona tuko pamoja? Bibi harusi si huyu hapa nyuma yetu!"

Alfonsi alikata simu akakaa kwenye ukuta wa maua. Wasioijua Dar watauliza kuna ubaya gani. Ubaya ni kwamba msafara wa harusi ukipita kimya, watu barabarani wanasimama na kuvua kofia. Wanauliza marehemu ni nani. Mashangazi wa Bunju walikuwa wameshaanza kunong'onezana, na mshereheshaji alikuwa anapendekeza wafungue redio za magari, wazo ambalo hata yeye halikumpendeza.

Apolinari alisimama kando na suti yake ya kijivu, mikono imening'inia. Kioo cha gari la maharusi kikateremka.

"Baba. Njoo." Gladness alikuwa ametoa kichwa na shela lake lote. "Anko Sadallah na anti Chausiku wako wapi?"

"Wako huko nyuma, kwenye Noah."

"Na drams?"

"Gereji."

"Si hapo tu, baba? Dakika tano?"

"Mwanangu, nimeapa mbele ya kamati. Nimeandikwa."

"Kwani anayeolewa nani, kamati au mie?"

Apolinari hakusogea. Siyo kiapo kilichomzuia, tuseme ukweli. Alikuwa anaona gauni jeupe la mwaka 2011 na mlango unaofungwa. Kumwaibisha mtoto mara moja ni ujinga wa baba. Mara ya pili, siku ya ndoa yake, mbele ya wakwe?

"Gladi, unakumbuka siku ile," alisema taratibu.

"Nakumbuka, baba. Nilikuwa mtoto. Nenda kawalete."

Alfonsi alikuwa amesogea, jasho linamtiririka chini ya kofia. "Gladness, mama, unajua unachokiomba?"

"Najua, baba mkubwa. Nakuomba na wewe."

Mzee yule aliangalia lango, akawaangalia wakwe, akaangalia simu yake isiyokuwa na msaada wowote. "Haya," alisema. "Ila mfupishe."

"Sie hatujawahi kurefusha, mwenyekiti," alijibu Chausiku, aliyekuwa ameshashuka kwenye Noah na kuvua viatu vya visigino.

Adelina, mke wa Apolinari, alimshika mumewe kola kabla hajakimbia. "Vua koti kwanza. Hilo la kukodi."

Walirudi baada ya dakika ishirini, juu ya pikapu ya gereji yenye mlango mmoja bado una rangi ya chini tu, jenereta ya fundi wa kuchomelea inatetemeka pembeni, drams zimefungwa kwa kamba na kuzuiwa kwa tairi la akiba. Apolinari alikuwa na shati jeupe, tai kaitupia begani. Chausiku alikuwa bado na gauni lake la sare ya bluu, besi juu yake. Mashangazi wa Bunju waliwatazama kama watu wanaotazama mzigo usio na mwenyewe.

"Moja, mbili, tatu, nne!" Apolinari akagonganisha fimbo, wakaanza.

Nitasema kweli: dakika ya kwanza ilikuwa mbaya. Msafara uliondoka na watu wameduwaa, shangazi mmoja kaziba masikio yote mawili, na Apolinari alipiga huku anaogopa hata kugeuza macho kuelekea gari la nyuma. Kisha wakaingia barabara ya magereji.

Mafundi walisikia kabla ya kuona. Hawa ni watu waliokula muziki huo na chai kwa miaka ishirini, waliotukana na kuzoea, na hawakuwahi kudhani wataupungia mkono. Walitoka chini ya magari na ovaroli zao zenye mafuta. Mmoja akaanza kugonga boneti kwa nyundo, mwingine akafuata kwa spana kwenye rimu, na mara barabara nzima ikawa inagonga bati kwa pigo la Apolinari, gereji baada ya gereji, wala hakuna aliyetoka nje ya mdundo. Bodaboda wakaingia mbele ya msafara wakipiga honi. Kina mama waliokuwa wanauza vitenge walisimama kusikiliza maneno ya Chausiku:

*Nimepinda, sijavunjika,*
*leta nyundo, leta moto,*
*mliosema nimekwisha*
*sogeeni mnione!*

"Eh! Mpashe!" alipiga kelele mama mmoja mnene, na akafunga kanga kiunoni. Alikuwa haijui panki, alikuwa anajua mpasho akiusikia, na mbio za muziki hazikumzuia. Akaingia barabarani akicheza, na wenzake nyuma yake. Shangazi aliyeziba masikio alitoa kidole kimoja, halafu cha pili, halafu akatoa kitambaa akaanza kupunga nje ya dirisha. Mama mzazi wa Brightson alitoa mwili nusu. Msafara ule ulikwenda mwendo wa kutembea na hakuna aliyelalamika, na wimbo ukiisha watu wanaitisha mwingine, na Sadallah, mtu asiyecheka kirahisi, alikuwa anacheka peke yake juu ya gita kama aliyekunywa.

Walipokaribia ukumbi, kule Kipawa, wakaurudia ule wa kwanza. Sasa wimbo huo una ubeti wa tatu ambao haupo kwenye rekodi yoyote. Apolinari aliutunga mwenyewe mwaka ule wa kipaimara, Chausiku huuimba gerejini tu, na hata Ujerumani hawakuuimba. Siku hiyo Chausiku aliuimba:

*Siku ukiondoka kwangu*
*piga honi, nisikie,*
*hata ukiona haya*
*piga moja, nisikie.*

Apolinari hatimaye akainua macho. Gladness alikuwa amesimama, amejitokeza kwenye tundu la juu la gari, shela linapepea, Brightson kamshika miguu asianguke. Alikuwa anaimba. Alikuwa anaimba ubeti wa tatu, neno kwa neno, mdomo wazi na machozi yanashuka kwenye poda. Alipofika mwisho aliinama akampigia dereva paa kwa kiganja, na dereva akakandamiza honi, na magari yote kumi na sita ya msafara yakaitikia.

Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini, Apolinari alikosa pigo. Sadallah aligeuka, akamwona, akaendelea na gita mpaka mwenzake alipolipata tena.

Ukumbini, baada ya keki, ikaja zamu ya utambulisho. Mshereheshaji alimwita Alfonsi atambulishe upande wa bibi harusi. Mwenyekiti akashika karatasi, akataja mashangazi, akataja wajomba, kila mmoja na kazi yake, kila mmoja akisimama na kupunga. Akafika kwa mdogo wake. Pale kwenye karatasi palikuwa pameandikwa fundi wa magari. Alfonsi alipasoma kimoyomoyo, akaikunja karatasi, akaipeleka maiki kwenye meza ya maharusi.

"Huyu mtambulishe mwenyewe," alisema.

Gladness alisimama.

"Shikamooni wazee wangu. Nilipokuwa darasa la saba nilimwambia baba yangu asije shuleni kwetu, na tangu siku hiyo hajajua kitu hiki. Nilikuwaga napita gereji nikitoka shule, nasimama nyuma ya kontena la rangi, nawasikiliza mpaka puti ikauke, halafu naondoka. Miaka sita. Sikuwahi kujitokeza kwa sababu ningejitokeza ningelazimika kumwomba msamaha, na sikujua naanzaje." Akafuta uso kwa shela. "Basi naanza hivi. Huyu pale mwenye shati jeupe ni baba yangu mzazi, anaitwa Apolinari. Kazi yake ni mpiga drams. Magari ananyoosha akisubiri kupiga."

Ukumbi ukalipuka. Kwa desturi anayetambulishwa husimama akapunga mkono, na watu walikuwa wanamsubiri, lakini Apolinari alikuwa kajifunika uso kwa ile tai yake. Adelina alimshika mkono mmoja, Alfonsi akaja mbio akamshika wa pili, wakamsimamisha.